Listi ya Parishi Si Siri ya Serikali

Wazee wetu, akina mama, vijana, asanteni kwa kukaa na jua hili la Busia. Naenda moja kwa moja. Katiba yetu ya Uganda ya 1995, kifungu cha 41, inampa raia haki ya kuona habari zilizo mikononi mwa serikali, isipokuwa za kuhatarisha usalama wa nchi au kuingilia faragha ya mtu. Sheria ya kuitekeleza ikaja 2005, kanuni zake ndo zikaja 2011, na humo wakaweka ada ya shilingi 20,000 ambayo hairudi hata ukinyimwa.

Sasa chukueni hii PDM, mpango wa serikali wa kuendeleza parishi, yaani hizi parishi za utawala zenye vijiji kadhaa, si za kanisa. Kila parishi imepangiwa milioni 100 kwa mwaka, kaya inakopeshwa milioni moja. Mama anayeuza samaki hapo sokoni anataka tu kujua nani walipewa kwenye parishi yake, basi atafute hizo 20,000, ajaze fomu ya Kiingereza, alafu asubiri siku 21, na ofisa akinyamaza tu mpaka siku ziishe sheria inahesabu amenyimwa, njia iliyobaki ni kwenda kwa hakimu mkuu. Hakimu jamani, kwa listi ya parishi! Na sheria hiyohiyo inasema asiyejua kuandika aombe kwa mdomo, ofisa amwandikie. Nani hapa ashawahi kuambiwa hivyo sabukaunti?

Wenzetu hapo ng'ambo ya mpaka, Kenya, sheria yao ya 2016 inakuruhusu kulalamika kwa tume, na habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu inatakiwa itoke ndani ya saa 48. Sisi tume hatuna. Tunachonacho ni sheria ya siri za serikali ya 1964, ipo mpaka leo, na ofisa mdogo anaiogopa hiyo kuliko hii ya 2005, maana hiyo inaweza kumfunga.

Mikutano nayo. Baraza la wilaya likikaa mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza, ila tarehe haibandikwi popote, unasikia bajeti ilishapitishwa wiki iliyopita. Sheria iseme tarehe na ajenda vibandikwe mapema, kwa Kiswahili pia, na ada ifutwe kabisa kwa mambo ya pesa za umma.

Mbunge akija tumwambie hayo mbele ya watu. Fomu nimekuja nazo, zipo pale mezani, anayetaka kuomba listi ya parishi yake asogee tujaze pamoja.