Kabla Hujachagua Jukwaa, Piga Hesabu ya Koo

Asanteni. Walioko nyuma sogeeni mbele, viti vipo. Mwenyekiti alinipa dakika arobaini, kisha akatumia kumi kunitambulisha, kwa hiyo utangulizi nauruka.

Mwimbaji aliyesomea sauti kiklasiki akinifuata huniuliza swali lilelile: niende opera, au niende kwenye tamthilia za muziki, zile za Broadway kule New York na West End kule London? Huuliza kana kwamba anachagua kitambaa. Mimi humrudishia maswali mawili. Utalipwa kwa onyesho, kwa wiki au kwa mwezi? Na ndani ya kipimo hicho koo lako litafanya kazi mara ngapi? Asiyejua haya mawili hajafika mahali pa kuzungumzia ladha.

Tuchukue La Bohème. Desemba 2002 Baz Luhrmann, yule mwongozaji wa filamu kutoka Australia, aliipeleka opera hiyo ya Puccini Broadway. Muziki ni uleule, Kiitaliano ni kilekile, tafsiri inaonyeshwa kwa maandishi. Kilichobadilika ni kalenda. Wiki ya Broadway ina maonyesho manane. Kwenye jumba la opera, anayeimba Mimì au Rodolfo, wapenzi wawili wakuu wa hadithi, hupewa siku mbili tatu za kupumzika kati ya onyesho na onyesho. Sasa wafanyeje? Wakatafuta Mimì watatu na Rodolfo watatu wapokezane, na Musetta na Marcello, wapenzi wa pili, wawili wawili. Gawanyeni wenyewe: manane kwa jozi tatu. Kila jozi inapata mawili, au matatu, kwa wiki. Yaani ni ratiba ya jumba la opera imejirudia yenyewe katikati ya Broadway, bila mtu kuialika! Mwenye ukumbi alitaka manane kwa wiki akayapata, lakini alilipa makoo matatu kwa kila nafasi kubwa.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni, "Lakini si walikuwa na maiki?" Walikuwa nazo. Maiki hufikisha sauti kiti cha mwisho, haikuimbii nota. Katika aria yake ya kwanza, yaani wimbo wake wa peke yake, Rodolfo ana nota ya "do" ya juu, na kwenye nota hiyo nyuzi za sauti hukutana kiasi cha mara 523 kila sekunde. Wengi huishusha aria yote nusu toni, nota hiyo ikawa "si", kama mara 494. Msiwacheke, nao wana kesho. Maiki haipunguzi hata mara moja katika hizo. Inachoweza kupunguza ni nguvu ya pumzi, ikiwa mwimbaji atakubali kuziamini spika. Na mtu aliyefundishwa miaka minane kuujaza ukumbi kwa mwili wake haziamini spika hata kidogo. Anaimba vilevile alivyofundishwa, sasa kwa maonyesho mengi zaidi. Hapo ndipo sauti huanza kukwaruza asubuhi, halafu nota za kati zinatoka na upepo, halafu mtu anakunywa tangawizi badala ya kwenda kwa daktari wa koo.

Tamthilia ya muziki The Phantom of the Opera ilikaa Broadway tangu Januari 1988 hadi Aprili 2023, maonyesho 13,981. Nafasi ya Christine, soprano mhusika mkuu wa kike, ilikuwa na waimbaji wawili kwa mkataba: mmoja maonyesho sita kwa wiki, mwenzake mawili. Waandaaji hawakufanya hivyo kwa huruma. Onyesho lililosimama kwa sababu soprano hana sauti ni tiketi za kurudisha.

Pingamizi la pili nalijua kabla halijasemwa: mbona Paulo Szot aliweza? Kweli, baritoni huyo wa Brazili alitoka opera, akaimba tamthilia ya muziki South Pacific pale Lincoln Center, New York, mwaka 2008, akapata tuzo ya Tony, kisha mwaka 2010 akaingia Metropolitan Opera, jumba kubwa la opera la New York, katika The Nose ya Shostakovich. Lakini itazameni nafasi yenyewe! Nafasi ya Emile de Becque, ile aliyoimba Szot, iliandikwa mwaka 1949 kwa ajili ya Ezio Pinza, mwimbaji wa besi, sauti nzito ya kiume, aliyekuwa Metropolitan tangu 1926 hadi 1948, na mkataba wake uliweka kikomo cha muda wa kuimba kila usiku. Ndiyo maana Emile ana nyimbo mbili kubwa za peke yake, na kwingine anazungumza sana. Koo la opera limeamua umbo la tamthilia ya muziki, na miaka sitini baadaye koo jingine la opera likapenya mlango uleule. Ukiletewa nafasi, usiulize kwanza ni ya mtindo gani. Hesabu dakika za kuimba, tazama nota nyingi zimekaa wapi, kisha zidisha kwa nane.

Upande wa pili mambo ni hayohayo yamegeuzwa. Kelli O'Hara, mwimbaji wa Broadway, ameimba Metropolitan, The Merry Widow usiku wa mwisho wa 2014, kisha Despina katika Così fan tutte mwaka 2018. Watu husema, "Nyota wa Broadway kaingia opera." Huyo alisomea opera chuoni Oklahoma. Aliyekulia kwenye maiki tu hafiki huko, na sababu si dharau ya watu wa opera, ingawa dharau wanayo. Nguvu ya orkestra imejaa karibu na hezi 500, yaani mitetemo 500 kwa sekunde, kisha hupungua kadiri unavyopanda. Mwimbaji wa opera hujifunza kukusanya nguvu yake karibu na hezi 3,000, pale ambapo orkestra ni nyembamba na sikio la binadamu ni kali. Ukumbi wa Metropolitan una viti kama 3,800, na ufundi huo ndio unaokufikisha kiti cha juu kabisa. Haupatikani kwa kozi ya wikendi. Wala anayetoka opera hajifunzi kupaza sauti ya kifua hadi nota ya "re" ya juu kwa wiki moja. Atabeba irabu zake za mviringo, mtetemo mpana, na hakuna neno litakalosikika.

Sasa fedha. Mwalimu wako hakukwambia, kwa hiyo nakwambia mimi. Mwimbaji mgeni wa opera kwa kawaida hulipwa kwa onyesho. Mazoezi ya wiki tano au sita mara nyingi hayana malipo yake, na ukiugua usiku wa onyesho mara nyingi hupati kitu. Chukueni mfano wa kubuni: euro 2,000 kwa onyesho, maonyesho sita Ujerumani, jumla 12,000. Tunafurahi. Kodi ya msanii asiye mkazi, pamoja na ile nyongeza ya mshikamano, ni asilimia 15.825: toa 1,899. Wakala, tuseme asilimia 10: toa 1,200. Chumba cha miezi miwili na nusu, 2,750. Ndege, 900. Mpiga piano wa kukufundisha nafasi kabla hujaondoka, 600. Zimebaki 4,651 kwa wiki kumi, na miezi uliyojifunzia nota nyumbani bado hatujaigusa. (Kicheko.) Mnacheka, lakini kuna mtu hapa ataupigia mkataba huo picha auweke mtandaoni.

Kwa hiyo kwa anayeanza mimi huelekeza Ujerumani, kwenye mkataba wa mwezi. Nchi hiyo ina majumba zaidi ya 80 yanayolipwa na fedha za umma na yenye opera. Kiwango cha chini cha mshahara wa mwimbaji solo kilipandishwa mwaka 2023 hadi euro 2,715 kwa mwezi kabla ya makato. Si utajiri. Lakini unalipwa ukiwa mazoezini, unalipwa ukiwa na mafua, na bima ya afya ipo. Utaimba opera, opereta (opera nyepesi yenye mazungumzo), na tamthilia za muziki pia, kwa maiki, ndani ya msimu mmoja, kwa hiyo lile swali lenu la kuchagua linajijibu kwa ratiba ya ukutani. Tarehe ya kukariri ni 31 Oktoba. Jumba lisipokuandikia kufikia siku hiyo kwamba halikuhitaji, mkataba unaendelea mwaka mwingine. Mkurugenzi mpya akija, barua huwa nyingi. Na kwa kuwa baada ya miaka 15 mtu hawezi tena kuachwa kirahisi, wapo wanaoipata barua yao mwaka wa 14. Ishi kwa akili.

Na kwaya! Hapa nitasema hata kama mnanikunjia uso. Nani aliwaambia kwaya ya jumba la opera ni ya walioshindwa? Mshahara wake Ujerumani umefungwa na daraja la orkestra ya jumba husika, na mara nyingi unampita solo anayeanza. Unakaa mji mmoja, watoto wanasoma shule moja. Gharama yake ipo: mazoezi asubuhi, jukwaani jioni, opera nyingi za kukariri kwa Kiitaliano, Kijerumani, hata Kicheki, na kurudi kwenye solo ni vigumu. Lakini ni kazi, na inatangazwa wazi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kuwaeleza njia ya Pretty Yende, soprano wa Afrika Kusini, kutoka Cape Town hadi akademia ya La Scala, jumba la opera la Milano, hadi Metropolitan Januari 2013. Someni wenyewe, na mtazame hasa alivyopita akademia kwanza. Umri: studio nyingi za opera, yaani programu za majumba za kuwalea waimbaji chipukizi, hufunga mlango mtu akikaribia au kupita kidogo miaka 30, kwa hiyo usisubiri "sauti ikomae" ukiwa nyumbani. Lugha: Kijerumani cha kumwelewa mwongozaji akikwambia urudi nyuma ukurasa mmoja.

Usaili, haraka haraka. Opera: andaa aria tano zinazolingana na aina ya sauti yako ya leo, si ya miaka kumi ijayo. Ya kwanza unachagua wewe, na mara nyingi hutaimba zaidi ya mbili, kwa hiyo anza na ile unayoiweza hata ukiwa na usingizi. Ujerumani kuna ofisi ya umma ya kuwaunganisha wasanii na majumba, ZAV, haikukati asilimia. Omba usikilizwe huko kabla ya kulipia mashindano. Tamthilia za muziki: watakutaka vipande vya mizani 16 au 32 (mizani ni kile kipande kati ya mistari miwili ya wima kwenye nota). Wewe uliyezoea aria nzima utatumia mizani 12 ukijiandaa kupendeza. Kata uanzie penye neno.

Nota zako: kurasa mbili zikitazamana, zisizo kwenye plastiki inayong'aa, sehemu ulizokata zimefungwa kwa kalamu nyeusi. Mpiga piano mwimbie mizani miwili kwa sauti ndogo apate mwendo. Usimpigie vidole.

Haya, maswali. Wewe mwenye daftari la bluu, anza.