Kombe la mbwa wasiojulikana: Wembley, 1929

REHEMA: Haya karibuni tena jamani, mi Rehema, leo tunaongelea mbio za mbwa watoto, na mwenzangu Mbaraka kaja kanuna.

MBARAKA: Sijanuna, nimechoka tu. Jana nimepita kibanda cha kubeti pale mtaani, nikasema naangalia dakika mbili, wale mbwa wa kwenye tivii, wa kompyuta, si unawajua, nikaweka buku mbili kwa mwenye fulana nyekundu.

REHEMA: Na?

MBARAKA: Tubadili mada.

REHEMA: Hatubadili, ndo mada yenyewe hiyo. We umeshawahi kujiuliza kwa nini namba moja ni nyekundu, mbili bluu, tatu nyeupe, nne nyeusi, tano rangi ya chungwa, sita milia? Hizo ni rangi za fulana za mbwa wa kweli kabisa, ndo mpangilio wa mbio za mbwa Uingereza, wale mbwa wembamba wanaitwa greyhound. Mbwa sita, vizimba sita, na sungura wa bandia anavutwa kwenye reli mbele yao. Mmarekani Owen Patrick Smith ndo alimtengeneza vizuri yule sungura wa umeme, akafungua kiwanja Emeryville, California, alafu mwaka 1926 mchezo ukatua Manchester, kiwanja cha Belle Vue, na kutoka hapo ukawaka kama moto wa kiangazi.

MBARAKA: Lakini leo si ulisema tunaongelea mbwa watoto?

REHEMA: Nakuja huko, ila lazima tupite Wembley. Wembley hiihii ya mpira, ila ule uwanja wa zamani, kabla haujajengwa upya. Ulijengwa 1923, maonyesho makubwa ya ukoloni yakafanyika pale 1924 na 1925, yakaisha, uwanja ukabaki mtupu, manake fainali ya Kombe la FA ni mara moja tu kwa mwaka, siku zingine zote unafuga majani. Wakawa wanaanza kubomoa majengo ya maonyesho. Sasa kulikuwa na jamaa anaitwa Arthur Elvin, huyu wakati wa maonyesho alikuwa anauza sigara kwenye kibanda.

MBARAKA: Muuza sigara?

REHEMA: Muuza sigara, ndo akaja kununua uwanja, 1927. Na mwezi Desemba mwaka huohuo akaleta mbwa. Hela ya mbwa ndo iliyoufanya Wembley uendelee kusimama, watu wa mpira hawapendi kuisema hii.

MBARAKA: Ngoja, kwa hiyo kabla ya kina Pelé na nani wote hao...

REHEMA: Mbwa walishakuwa wanalipa bili ya umeme, ndio. Sasa 1929 Wembley wakaanzisha kombe linaitwa Trafalgar Cup, Trafalgar ni ile vita ya baharini ya 1805, na hili lilikuwa la mbwa chipukizi peke yao. Mbwa ambaye hajafikisha miaka miwili.

MBARAKA: Na ana faida gani mbwa ambaye hajawahi kushinda kitu?

REHEMA: Hiyo ndo faida yenyewe! Fikiria we ndo unabeti. Mbwa mkubwa ana rekodi, unajua anatoka kizimbani haraka au anachelewa, anapenda kubana ndani au anaenda nje. Chipukizi hujui kitu, una muda wake wa majaribio basi. Na majaribio anaweza akakimbia peke yake vizuri kabisa, ila siku ya siku anafika kona ya kwanza na wenzake watano, wanagongana mabega, mmoja anatanuka nje, mwingine anashangaa, na mwingine anageuka kucheza na mwenzake.

MBARAKA: Kama mimi na hesabu.

REHEMA: Kama wewe na fulana nyekundu. Sasa kuna kitu kinanifurahisha kuliko vyote kwenye hizi mbio. Sheria ya sasa kule Uingereza mbwa haanzi mashindano mpaka afike miezi 15, na akifika 24 sio chipukizi tena. Toa hapo.

MBARAKA: Tisa. Miezi tisa, mimba kabisa!

REHEMA: Basi. Kombe la wakubwa unaweza ukarudi kulibeba tena, hili likikupita limekupita. Mick the Miller, ndo mbwa maarufu kuliko wote kwenye historia ya huu mchezo, kazaliwa Ireland 1926, kwa padri mmoja kijijini Killeigh, akiwa mdogo akaugua karibu afe, alafu akaenda London akabeba Derby ya Uingereza, ndo kombe kubwa kuliko yote la mbio za mbwa kule, 1929 na 1930 mfululizo. Ila Trafalgar Cup inaanza, yeye tayari ana miaka mitatu. Mzee! Hakuwahi hata kuruhusiwa kuingia.

MBARAKA: Ila si wangedanganya umri tu, mbona kwetu mtu anacheza timu ya vijana ana ndevu na watoto wawili.

REHEMA: Haha, walijaribu sana ujanja, sio wa umri tu, walikuwa wanabadilisha mbwa kabisa, unaandikisha huyu unaleta yule. Ndo maana mbwa anachorwa namba sikioni na ana kitabu chake cha utambulisho, mabaka, rangi ya kucha, kila kitu kimeandikwa. Chama cha kusimamia, National Greyhound Racing Club, kilianza 1928, yaani mwaka mmoja tu kabla ya hili kombe, kwa sababu hela ilikuwa nyingi na wahuni walikuwa wengi.

MBARAKA: Nyingi kiasi gani?

REHEMA: Mwaka 1946, vita imeisha, watu waliingia viwanjani zaidi ya mara milioni 30 ndani ya mwaka mmoja. Na kuna hii utaipenda we mtu wa mpira. Kombe la Dunia 1966, Uruguay na Ufaransa, tarehe 15 Julai, mechi ikapelekwa White City, kisa Wembley siku hiyo kuna mbwa na mwenye uwanja kagoma kuahirisha.

MBARAKA: Acha uongo!

REHEMA: Haki ya Mungu. Na White City penyewe ni kiwanja cha mbwa, ndo nyumbani kwa Derby. Uruguay wakashinda 2-1.

MBARAKA: Aisee. Sasa bado ipo hiyo Wembley ya mbwa?

REHEMA: Iliisha 1998, kombe likahamia viwanja vingine. Shida ilianza zamani, 1961 Uingereza wakaruhusu maduka ya kubeti mitaani, sasa nani aende kiwanjani kwenye baridi? White City ikafungwa 1984, Walthamstow 2008, Wimbledon 2017. New Zealand walitangaza Desemba 2024 kwamba wanapiga marufuku, Wales nao wakatangaza 2025. Na mi siwalaumu, ile kona ya kwanza niliyokuwa naichekea ndo inavunja miguu ya mbwa.

MBARAKA: Na yule chipukizi anayegeuka kucheza na mwenzake? Anaenda wapi?

REHEMA: Zamani ilikuwa balaa, tusifichane, mbwa asiyekimbia alikuwa ni gharama tu. 1975 ikaanzishwa taasisi ya kuwatafutia familia waliostaafu. Wakishafika nyumbani kumbe hawana makuu, wanalala tu kwenye kochi kutwa.

MBARAKA: Huyo sasa ndo mbwa wangu. Na leo jioni siweki nyekundu, naweka milia.

REHEMA: Mbaraka, mbwa wa kompyuta hana umri, hana kona, hana kitu, ni programu tu ile!

MBARAKA: Buku moja tu.