Uso uliokwanguliwa: mabaki ya Septimius Severus

Nimeshaulizwa pale mlangoni kabla hata sijakaa, "Mwalimu, leo utatuambia kama alikuwa mweusi?" Haya, tuanze na hilo tumalizane nalo, maana kila nikimtaja Septimius Severus, yule Kaisari wa Roma, mjadala unaishia kwenye rangi na watu wanarudi makwao hawajatazama sarafu hata moja. Kazaliwa Leptis Magna mwaka 145, pwani ya Libya ya leo, mashariki ya Tripoli. Upande wa baba ni ukoo wa Kipuniki wa palepale, yani wenye asili ya Wafoinike wa Afrika Kaskazini, upande wa mama asili yao Italia. Mwafrika wa kaskazini, na inasimuliwa kwamba lafudhi ya kwao haikumtoka mpaka uzeeni. Mtaniletea ile picha ya familia yake iliyoko Berlin, najua mnayo kwenye simu, mtasema si unaona yeye kahawia na mkewe mweupe? Jamani, wachoraji wa zamani walikuwa na desturi ya kumpaka mwanaume rangi iliyokolea na mwanamke rangi nyepesi, kwa hiyo picha ile haiwezi kuwa cheti cha kuzaliwa. Basi. Sasa itazameni hiyohiyo kwa jambo lingine, jambo ambalo nalisema kila nikipewa maiki na nitalisema tena leo.

Ni ubao wa mviringo, upana kama sentimita 30, ulitoka Misri, umechorwa karibu na mwaka 200. Picha za makaisari za namna hiyo zilijaa kwenye miji yote ya Warumi ila mbao zinaoza, na hii ndo pekee ya familia ya Kaisari iliyotufikia. Severus yupo juu, ndevu zimeingia mvi, pembeni yake mkewe Julia Domna, binti wa Emesa, yani Homs ya Syria, na lulu zake. Chini wapo watoto wawili wa kiume, mmoja ana uso na mwingine hana. Mwili upo, nguo ipo, fimbo ya utawala ipo, ila pale penye uso pamekwanguliwa.

Yule ni Geta. Baba yao alifia York, Uingereza, tarehe 4 Februari 211, akawaachia dola wote wawili, na mwanahistoria Cassius Dio, aliyekuwa mjumbe wa Seneti wakati huohuo, anasema aliwausia wapatane, wawatajirishe askari, wengine wote wawapuuze. Mwaka ule haukuisha. Geta aliuawa akiwa amekumbatiwa na mama yake, kwa amri ya kaka yake Caracalla, halafu ikatoka amri jina lake lifutwe kila mahali.

Kinachoniuma ni kwamba vitabu vingi vinamaliza hapo, "akafutwa", nukta. Akafutwa wapi? Nendeni kwenye sarafu! Severus alikuwa mtu wa sarafu kuliko wengi. Mwaka 193 walinzi wa Kaisari walimuua Kaisari wao Pertinax wakakipiga mnada kiti cha enzi, kweli kabisa, akakipata Didius Julianus kwa kuwaahidi hela nyingi zaidi, na Severus akashuka Roma na majeshi ya Danube, na dinari zake, yani sarafu za madini ya fedha, za mwanzo kabisa zinataja vikosi vilivyomuunga mkono kimoja kimoja kwa namba. Askari anashika mshahara wake anaona kikosi chake kimeandikwa. Mwaka 195 akaenda mbali zaidi, akaandika kwenye sarafu kwamba yeye ni mtoto wa Marcus Aurelius, na Marcus Aurelius kafa tangu 180! Maiti ya miaka kumi na tano ikapata mtoto wa kulea mwenye ndevu kama zake. Halafu zikaja za familia, mama katikati ya wanawe wawili na maneno ya kusifu heri ya zama zile, na nyingine wavulana wanashikana mikono chini ya neno CONCORDIA, mapatano, wakati wale ndugu walikuwa hawaivi chungu kimoja na Roma nzima inajua.

Sasa Dio huyohuyo anasema Caracalla aliyeyusha sarafu zenye sura ya mdogo wake. Sawa, nakubali, aliyeyusha. Lakini mnazionaje leo? Zipo kwa maelfu, Geta mtoto mwenye mashavu, Geta kijana, Geta na ndevu amefanana na baba yake. Msiniambie ni bahati. Sanamu inakaa uwanjani, ukitaka kuivunja unatuma watu na nyundo, ila dinari iko kwenye mfuko wa askari kule Uingereza na kwenye mtungi uliofukiwa Syria, na mwenye mtungi hafukui hela yake ikayeyushwe kwa sababu ndugu wawili wamegombana. Kuna mji mmoja Asia Ndogo, yani Uturuki ya leo, unaitwa Stratonicea, walijitahidi: sarafu zao zina nyuso mbili zinatazamana, wakaukwangua wa Geta wakapiga na muhuri. Mnajua imetokea nini? Jicho lako linakwenda moja kwa moja pale palipokwanguliwa.

Na tao la Severus kule Roma, la mwaka 203, lipo pale Forum, uwanja mkuu wa mji wa kale, mpaka leo. Mstari wa nne wa maandishi ulikuwa na jina la Geta, wakaling'oa wakaweka maneno ya kuwasifu Severus na Caracalla eti watawala bora na hodari kuliko wote. Herufi zilikuwa za shaba zimepigiliwa kwenye jiwe. Shaba imeondoka yote, matundu yamebaki, na matundu ya zamani hayalingani na herufi mpya, kwa hiyo wataalamu wakayasoma na jina likarudi.

Naambiwa dakika tano. Madini ya fedha kwenye dinari Severus aliyapunguza mpaka karibu nusu, hilo linataka siku yake. Leptis kwao alijenga tao la pande nne, uwanja mpya na basilika, yani jumba la mahakama na mikutano, iliyomalizwa 216 yeye keshakufa, na mtazame zile sanamu za tao, watu wamegeuzwa wanakutazama wewe moja kwa moja, ni sanaa nyingine kabisa na ya Roma. Nguzo za Leptis nyingine zilichukuliwa na Wafaransa enzi za Louis wa 14, nyingine ziko Windsor, Uingereza, zimesimamishwa bustanini kuwa mapambo, tangu karne ya 19, na mji wenyewe tangu 2016 umo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini. Nilitaka niseme mengi hapo.

Picha ya ubao nimeichapisha kubwa, iko mezani. Njooni karibu, mtazame chini ya mama.