Makasi Yaliyovunjika: Fumbo la Kiingereza Nimelivalisha Kiswahili

Hamjambo ndugu zangu wa Kampala, Jinja, Tororo, Arua, na ninyi watoto wa kambi ya polisi wenzangu mliokulia Naguru? Mimi niko Leeds, Uingereza, nimetoka zamu ya asubuhi sasa hivi, hata sare ya udereva sijaivua. Leo siongelei mshahara, baridi wala viza. Leo ni fumbo la maneno.

Si lile mnalolijua, la "mji mkuu wa Kenya, herufi saba", unaandika Nairobi unasonga mbele. Hili Waingereza wanaliita kriptiki. Gazeti la The Times lilianza kuchapa mafumbo ya namna hii tarehe 1 Februari 1930, na mwaka 2014 likaongeza dogo la kila siku kwa wanaoanza na wenye haraka: miraba 13 kwa 13, wakati lile kubwa ni 15 kwa 15. Kantini ya kazini kwetu kuna mzee mmoja, dereva wa miaka mingi, analisoma hilo dogo kwa sauti wakati wa chai na meza nzima inachangia. Miezi ya kwanza nilikaa kimya. Kiingereza nilikielewa chote, neno kwa neno, na jibu silioni!

Siku moja mzee akanieleza siri, nami nikajiona nimerudi barazani kwa nyanya yangu. Kitendawili! Tega! Au kwa majirani zetu Waganda: Koyi koyi! Lya!

Siri yenyewe ni hii. Kila kidokezo kina sehemu mbili. Moja ni maana ya jibu, ya kawaida kabisa, nayo hukaa mwanzoni au mwishoni, haikai katikati. Sehemu ya pili kwa kawaida ni ufundi wa herufi unaokupeleka kwenye jibu lilelile kwa njia nyingine. Mtungaji anaziunganisha zisomeke kama sentensi moja ya kawaida, na hiyo sentensi ndiyo mtego. Mwishoni kuna namba ya herufi za jibu.

Nimetunga vya Kiswahili ili tuende pamoja. Tazameni ubao wangu hapa nyuma:

Makasi yaliyovunjika ni mali ya mvuvi (6).

Simamisha video kidogo, fikiri.

Najua kuna mtu wa Jinja ameshasema ndoano. Ndoano ina herufi sita, na ni mali ya mvuvi kweli. Kama kingekuwa kitendawili, tungebishana hadi usiku wa manane, na mwishowe anayetega ndiye mwenye neno. Hapa hatubishani. Neno "yaliyovunjika" linakuambia uvunje "makasi" herufi moja moja, uzipange upya. M, A, K, A, S, I. Zimepangika? Samaki! Herufi zilezile, haijabaki hata moja. Ndoano imekataliwa na herufi zenyewe, hakuna haja ya mimi kuikataa. Hicho ndicho nilichokipenda kuliko vyote: ukishapata unajua umepata, humsubiri mkubwa akuthibitishie.

Cha pili. Kitoweo kimejificha Kenya mahali fulani (5). Usipande basi la Busia kwenda kukitafuta. Kimejificha ndani ya maneno yenyewe. Andika "Kenya mahali" bila nafasi, anza kwenye herufi ya tatu: N, Y, A, M, A. Nyama, ndugu zangu! Imekaa mpakani mwa maneno mawili, nusu huku nusu kule.

Cha tatu ni kifupi: Mnyama yuko juu ya nyumba (3). Hiki hakina kuvuruga wala kuficha, ni maana mbili za neno moja. Paa wa porini, paa la nyumba.

Halafu hiki nimekitunga nikikumbuka msimu wa mvua nyumbani, tunakimbilia taa na mabeseni: Kumbi mbili za wadudu wenye mbawa (10). Ukumbi mmoja, kumbi mbili. Andika kumbi, andika tena kumbi. Kumbikumbi! Zile enswa zetu. Mate yananitoka hapa.

Sasa kuna jambo nimeligundua mwenyewe, wala mzee wa kantini hakuniambia. Kiswahili kina viambishi, na viambishi havisemi uongo. Kwenye kile cha kwanza, "ya" ya "yaliyovunjika" inakuonyesha moja kwa moja kwamba kilichovunjika ni makasi, si kingine. Mtungaji wa Kiingereza anaweza kukuacha unahangaika neno gani livurugwe, maana vitenzi vyao haviwi na ngeli. Mtungaji wa Kiswahili lazima apatanishe sarufi, kwa hiyo mtego wake unabidi uwe mzuri zaidi. Kukitunga kile cha samaki kumenichukua jioni mbili, na furaha niliyoipata siwezi kuieleza.

Vya Kiingereza vina mazoea yao ambayo mgeni hawezi kuyajua bila kuambiwa. Wakitaja baharia, mara nyingi wanataka herufi A na B, ufupisho wao wa baharia wa kawaida (able-bodied). Malkia mara nyingi amekuwa E na R, yaani Elizabeth Regina, marehemu Malkia Elizabeth. Na neno lao la ua la bustanini, "flower", linaweza kuwa mto, kwa sababu ukilisoma kwa jicho jingine linakuwa "kitu kinachotiririka". Hilo nililikasirikia wiki nzima, sasa nalipenda.

Na watu hawa hawalichukulii kama mchezo wa watoto. Januari 1942, vita vimepamba moto, gazeti la Daily Telegraph liliwaita wasomaji wake watatue fumbo lake kwa dakika 12, na baadaye baadhi yao wakaitwa Bletchley Park, kule walikokuwa wakifumbua mawasiliano ya siri ya Wajerumani. Fikiria, umekaa unajaza miraba, kumbe kuna mtu anakuhitaji vitani.

Walimu wa Uganda, naomba mnisikilize hapa. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni. Watoto wengi bado wanakiogopa, wanakisikia kama lugha ya amri na ya polisi. Mimi nilikipata kambini, tukicheza, na nyanya akitutegea. Mpe mtoto wa Mbale makasi yaliyovunjika aone kama hatapekua kamusi! Atajifunza ngeli bila kuambiwa kuwa anajifunza ngeli. Nitaendelea kutunga, na atakayetaka kuvichapa vyangu darasani avichukue, ni vyenu.

Haya, chai yangu imepoa. Cha leo cha kulala nacho ni hiki, na sitoi jibu hadi Jumapili, hata mkinipa mji wote wa Entebbe:

Isipokuwa Ali aliyegeuka nyuma (3).