Kikao cha wazee na hesabu ya mafenesi

FAKI: Asalaam alaykum. Tumo. Shemegi, leo sikuulizi hali, sauti yako yenyewe ishaeleza.

BIKOMBO: Waalaykum salaam. Sauti imekwenda Jumamosi, kwenye kikao cha wazee wa wanafunzi pale skuli. Nimesimama najibu masuala tangu asubuhi mpaka inakaribia adhuhuri, na kipaza sauti hakuna.

FAKI: Wenye kutusikiliza wanajua ulikuwa unagombea tena kamati ya skuli. Wape habari basi, wiki nzima wananipigia simu mie.

BIKOMBO: Nimerudi, alhamdulillah. Lakini lipo jambo limenikaa kifuani, na nataka tulizungumze kwanza. Halafu tuje kwenye yale matatu tuliyoahidi kumwambia mtu anayetaka kuingia kamati ya skuli. Nimeyaandika hapa.

FAKI: Matatu yatafika. Anza na kikao.

BIKOMBO: Mwalimu mkuu kafungua, dua ikasomwa, sheha, mkuu wa shehia yetu, kasalimia. Sisi tuliokuwa tunamaliza muda tukaambiwa tueleze tulichofanya. Nikafungua daftari, nikasoma. Vikalio vilivyotengenezwa. Tangi la maji. Lile banda la madarasa mawili tulilolifikisha kwenye linta, tunasubiri Wizara ituezekee. Kila kitu na bei yake. Nikauliza, nani ana suala? Kimya. Pesa za tangi hakuna aliyeziuliza. Saruji hakuna aliyeiuliza. Nataka kukaa, kasimama bibi mmoja kule nyuma, ana wajukuu mkondo wa mchana. Kasema, "Na mafenesi je?"

FAKI: [anacheka] Mafenesi!

BIKOMBO: "Ule mfenesi wa nyuma ya stoo umezaa mpaka shinani. Mie napita pale kila siku. Mara siyaoni. Yamekwenda wapi?" Kikao kizima kikaamka. Watu waliokuwa wanachezea simu wakaziweka.

FAKI: Na weye ukasemaje?

BIKOMBO: Nikafungua ukurasa. Yamo yote. Fenesi lipi liliuzwa, kanunua nani, kwa shilingi ngapi. Pesa zake zimenunua kufuli ya stoo, na chaki za ule wakati ruzuku ilikuwa haijafika. Matatu yameandikwa "yameliwa".

FAKI: Yameliwa na nani?

BIKOMBO: Ndivyo alivyouliza na yeye! Na watoto wa kambi, wa darasa la sita, walipokuwa wakilala skuli kujisomea mtihani. Wakasimama watoto wenyewe nje ya dirisha, "Kweli, tulikula!" Hapo bibi karidhika. Tatizo limekuja kwa moja lililoandikwa "limeanguka".

FAKI: Ehee.

BIKOMBO: Mzee mmoja kasema lililoanguka si la skuli, ni la mwenye kuliokota. Mwengine kasema mti wa skuli, tunda la skuli, lianguke liangikwe. Wa tatu kauliza limeanguka upande gani wa ua, maana tawi lile limevuka kwa jirani. Faki, tumekaa hapo.

FAKI: Lakini hilo ni suala hasa, shemegi. Embe likidondoka njiani mtoto analiokota anakula, hakuna wa kumuuliza, tumekua hivyo. Fenesi halimo katika hukumu ya embe. Fenesi la kilo 15 hulitii mfukoni ukapita nalo. Mpaka ukalibebe umeshakusudia.

BIKOMBO: Kwa hiyo ukubwa wa tunda ndio unaoleta wizi?

FAKI: Sikusema wizi! Nasema idhini. Kidogo watu wamezoea kusameheana. Kikubwa kinataka idhini ya mwenyewe.

BIKOMBO: Na mwenyewe wa mti wa skuli ni nani? Hilo ndilo lililonipa kazi. Mwalimu mkuu? Kamati? Wizara? Aliyeupanda keshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, na hakuna aliyesema aliupanda kwa nani.

FAKI: Ni wa watoto.

BIKOMBO: Na mie nimesema hivyo. Ni wa watoto, na kamati ni wasimamizi. Lililoanguka lilikuwa limeshapasuka, siafu wamelivamia, mlinzi kalitoa. Basi. Akasimama tena yule mzee wa kwanza, "Kama liliharibika, lilingojewa nini mtini? Mngeliuza mapema."

FAKI: Na hapo mie namuunga mkono. Kwa nini hamkuuza mti mzima, mnunuzi akaja akamaliza mwenyewe?

BIKOMBO: Lingalipo changa? Weye umesoma chuoni, hujui kama dini imekataza kuuza tunda mtini kabla halijaonesha kufaa?

FAKI: Najua, najua. Nasema yakishakomaa.

BIKOMBO: Yakishakomaa hayakomai siku moja. Leo hili, wiki ijayo lile. Mnunuzi wa kuja na kurudi mara zote hizo utampata wapi? Ndiyo maana tumeuza moja moja, na ndiyo maana yameandikwa moja moja.

FAKI: Na kokwa? Waliokula kambi, kokwa zimekwenda wapi? Ukizichemsha na chumvi...

BIKOMBO: Faki.

FAKI: Nauliza tu, shemegi. Mafenesi matatu yana kokwa za kulisha darasa zima.

BIKOMBO: Zilichemshwa, zikaliwa. Hilo sikuliandika, na hakuna aliyeuliza ila weye.

FAKI: [anacheka] Haya. Sasa niambie kweli. Huoni uzito? Mmejenga banda zima, milioni zimepita, kikao kinakwisha kwa fenesi.

BIKOMBO: Wala. Na hapa nasema kwa moyo wangu wote. Yule bibi hajui bei ya mfuko wa saruji, hajui tangi la lita ngapi linauzwaje mjini Chake Chake. Nikimwambia laki mbili au laki tano, atakubali kwa kuniamini au atakataa kwa kutoniamini, kwa kuwa hana cha kupimia. Fenesi kaliona kwa macho yake. Kaliona dogo, kaliona limekua, kaona halipo. Pale ndipo anapoweza kunikagua. Jibu langu likikaa sawa kwenye fenesi, na saruji ataipokea. Likipinda kwenye fenesi, hata nilete risiti za banda zima hazinifai kitu. Mimi nimemshukuru mbele ya watu.

FAKI: Hapo umesema.

BIKOMBO: Halafu kuna hili. Zamani kamati ikipungukiwa inatoza mchango, mtoto asiyelipa anarudishwa nyumbani. Sasa haipo hiyo. Serikali ya Dk. Shein imeondoa michango ya wazee skuli za msingi, na mie nimefurahi, maana nimewaona watoto waliokuwa wakirudi na mikoba yao saa mbili asubuhi. Lakini kufuli inavunjika katikati ya muhula. Kamba ya ndoo inakatika. Mwenye mfenesi ana pa kushika.

FAKI: Ndiyo wengine wanauliza, kama elimu bila malipo ipo tangu tarehe 23 Septemba 1964, Mzee Karume alipoitangaza, kamati za wazee ni za nini tena?

BIKOMBO: Za kuangalia! Bila malipo haina maana bila mwenyewe. Mwalimu anahamishwa, mwalimu mkuu anahamishwa, wazee ndio tunaobakia pale. Nani aliona choo cha wasichana hakina mlango? Kamati. Nani kaenda kwa sheha, sheha kaandika barua? Hata hizi skuli za ghorofa za wakati huu wa Dk. Mwinyi, nzuri, mikondo inapungua, watoto wanapumua darasani, lakini bomba likivuja ghorofa ya pili na hakuna mzazi anayejali, mwaka haumaliziki limeshaoza.

FAKI: Na ghorofa haina mfenesi.

BIKOMBO: Pandeni! Kiwanja kipo.

FAKI: Njoo kwenye kura. Ulisema kuna jambo kifuani.

BIKOMBO: Kura ilikuwa ya mikono. Mwalimu mkuu katuita majina, tumesimama tumewapa watu mgongo, tunaangalia ubao, mikono inanyooshwa, wanahesabu. Na mie sikuridhika. Nimepita kwa wengi, lakini sikuridhika. Binti mmoja kaniambia baadaye, "Bi Kombo, nilitaka kukunyooshea lakini shemegi yangu alikuwa ananitazama." Mwengine kaangalia kwanza sheha kaunyoosha wapi. Nataka karatasi. Mtu aandike, akunje, atie kwenye kikapu, aende zake kwake na siri yake.

FAKI: Hapo mie sikufuati.

BIKOMBO: Nilijua.

FAKI: Kwa sababu kamati ya skuli si bunge. Kazi yake ni ya mikono, basi na kura iwe ya mikono. Mtu akininyooshea, kesho nikiwa nataka watu wa kubeba matofali namwendea: bwana, weye ulinichagua, njoo. Anaona haya, anakuja. Aliyeandika kikaratasi nitamjua vipi? Na yule bibi wako, karatasi ingeuliza mafenesi?

BIKOMBO: Suala aulize hadharani, kura apige kwa siri. Nani kasema havikai pamoja?

FAKI: Na wasiojua kuandika? Akina mama wangapi pale watahitaji kuandikiwa? Akiandikiwa siri iko wapi? Umemtoa machoni mwa watu hamsini, umemtia mkononi mwa mmoja.

BIKOMBO: Zipo njia. Kila mgombea awe na kikapu chake nyuma ya pazia, mtu anatia kokwa moja anapotaka.

FAKI: Kokwa za fenesi!

BIKOMBO: [anacheka] Za fenesi, ndiyo, zitafaa. Lakini sikiliza, nataka unijibu hili. Sisi ni Wapemba, Faki. Weye na mie tunakumbuka miaka ambayo mtu hendi mazikoni kwa jirani yake kwa ajili ya chama. Duka hili halinunuliwi, gari ile haipandwi. Ikaja kura ya maoni tarehe 31 Julai 2010, ya serikali ya umoja wa kitaifa. Asilimia 66 na ushei Zanzibar nzima wakasema ndiyo. Nambie, ingelikuwa ya kunyoosha mikono uwanjani, kila mtu na viongozi wa chama chake wanamtazama, ingelipita?

FAKI: Ile ilikuwa ya nchi. Ndiyo maana iliwekewa masanduku. Ukiileta karatasi kwenye skuli, unaileta na kampeni yake. Watu watapita majumbani usiku, wataandikiana majina, huyu wetu yule wao. Mkono wa hadharani unazuia hayo.

BIKOMBO: Hauzuii! Jumamosi watu walikuwa wakihesabu mikono kwa vyama kimoyomoyo, niliwaona nilipogeuka. Siri ndiyo inayomlinda mtu akamchagua asiye wa chama chake kwa sababu kamwona anaandika mafenesi yake vizuri.

FAKI: Ulipogeuka? Si umesema mliwapa watu mgongo?

BIKOMBO: Baada ya kuhesabu. Usinivuruge.

FAKI: Mie nasema hivi. Kijiji kinachoogopa kunyoosha mkono kwa ajili ya skuli ya watoto wake kina ugonjwa, na karatasi haiuponyi, inaufunika tu. Nataka watu wazoee kutazamana usoni wakasema, leo sikukuchagua, na jioni wakakaa barazani pamoja.

BIKOMBO: Na mpaka wazoee, yule binti afanye nini? Aendelee kumtazama shemegi yake? Kwako rahisi, weye mwanamme, una mashua yako, hakuna anayekupa wala kukunyima. Yeye anakaa nyumba ya watu.

FAKI: Hilo la binti linaniuma, sikatai. Lakini dawa yake si kumfichia mkono.

BIKOMBO: Na mie nitalipeleka kikao kijacho cha kamati, liingie kwenye ajenda.

FAKI: Lipeleke. Nitakuja kama mzazi, nitalipinga.

BIKOMBO: Karibu. Uje na hoja.

FAKI: Ila tusilifanye tena wakati wa karafuu, hilo naamini sote tumo. Jumamosi nusu ya akina baba walikuwa mashamba, wengine wako juu ya mikarafuu, wengine wanaanika.

BIKOMBO: Hilo kweli. Waliokosa kikao ndio watakaonung'unika kwanza, na siwezi kuwalaumu. Msimu ukizaa, nyumba nzima inahamia shambani, watoto nao. Kikao cha uchaguzi kiwekwe baada ya pesa kuingia, watu wametulia.

FAKI: Shemegi, unasikia? Msikitini wameshawasha kipaza.

BIKOMBO: Loo. Na yale matatu?

FAKI: Magharibi haingoji. Soma moja.

BIKOMBO: La kwanza lina vifungu vyake, la barua ya Wizara na namna ya kuifuatilia. Siwezi kulikata katikati, watu watalishika vibaya. Acha.

FAKI: Basi yabakie kwenye daftari. Wanaotusikiliza Unguja na Pemba, tutumieni sauti: skuli yenu kamati inachaguliwaje, kwa mikono, kwa karatasi, au mwalimu mkuu anataja majina watu wakaitikia? Na miti ya skuli yenu nani anaiandika.

BIKOMBO: Mie nataka hasa kuwasikia akina mama. Waseme wenyewe.

FAKI: Waseme. Na mie bado sijakubali.

BIKOMBO: Sikukuomba ukubali. Zima, nikatawadhe.