Tanuru Likishazibwa: Magneta Zinavyopoa

Mliowahi kunisikiliza hapa Mbeya mnajua nitaanzia kwenye tanuru la matofali. Naanzia hapo hapo, maana bado naulizwa swali lile lile: magneta, nyota ile yenye usumaku mkali kupita kiasi, ililipuka lini, nani aliiona kwanza? Hakuna anayeuliza ilipoaje.

Nikiwa mtoto kule Uyole, baba alichoma matofali kwa kuni na pumba za mpunga. Moto ukishakolea, midomo ya tanuru inazibwa kwa udongo, inabaki kungoja tu. Siku ya nne, asubuhi ya Juni, nikapapasa matofali ya nje: baridi, yana umande. Nikachomoa moja, nikachomoa la pili. La tatu likaniunguza vidole hadi vikatoka malengelenge. Baba hakunigombeza. Aliniuliza, "Joto lilikuwa wapi?"

Nami nawauliza hivyo hivyo. Magneta ni nyota ya nyutroni, yaani kiini kilichobaki nyota kubwa ilipokufa, nzito kuliko Jua, iliyoshindiliwa kwenye tufe la kipenyo cha kilomita 20 hivi, kama Uyole hadi Mbalizi. Usumaku wake, tukiupima kwa kipimo kiitwacho gausi, hufika gausi trilioni 100 na zaidi. Wa Dunia yetu haufiki hata gausi 1. Usumaku huo ukilisokota gamba la nyota mpaka likashindwa kuhimili, joto humwagika humo ndani, na mwanga wa eksirei huweza kuongezeka mara mia, hata elfu. Kisha unafifia, kwa miezi, kwa miaka. Joto la karibu na uso hutoka upesi. La kina huchelewa, na sehemu kubwa yake haifiki juu kabisa: nyutrino, chembe ndogo mno zinazopita karibu kila kitu, hulibeba, zikapenya nyota nzima na kutokomea. Kwa hiyo mwendo wa kufifia ndio unaotuambia joto lilikaa kina gani. Ni kuchomoa matofali bila kuyagusa.

Kuna atakayesema, mwalimu, tanuru ni tanuru, nyota ni nyota. Kweli, na mfano wangu una mahali unapokwama. Magneta iitwayo SGR 1745-2900, iliyolipuka Aprili 2013 karibu na shimo jeusi la katikati ya galaksi yetu, ilipoa taratibu mno. Joto la gamba peke yake halikutosha kueleza. Maelezo mengine ni kwamba nyuzi za usumaku nje ya nyota zilibaki zimesokotwa, na umeme unaopita humo ukaendelea kuupiga uso, kama mtu anayesukumia pumba kwenye tanuru tulilodhani limezibwa. Nyuzi zikifunguka msokoto wake, doa la joto hufinyaa. Na doa lile lilionekana likifinyaa!

Tungejuaje, kama Chandra, darubini ya eksirei iliyoko angani, ingegeuziwa kwingine mara tu magazeti yaliponyamaza? Hilo ndilo linaloniudhi: kila mtu anataka kilele cha mwanga, mkia wa grafu unakatwa.

Magneta nyingine, SGR 1935+2154, na mlipuko wake wa mawimbi ya redio wa Aprili 2020, muda hauturuhusu. Wanafunzi wa fizikia, kabla hamjatoka chukueni karatasi za grafu pale mlangoni. Kilele kiacheni. Anzeni kuchora siku ya kumi.