ZoneMinder kwa terminali: kuamuru kamera na kusoma hifadhidata bila kuvuruga rekodi

Karibu mtazamaji. Hapa mbele yako kuna seva ya Debian yenye ZoneMinder, programu ya kurekodi kamera za usalama, toleo la 1.36, na leo hatugusi ukurasa wa wavuti kabisa. Kazi yote tunaifanya kwenye terminali.

Kwanza jua kila kitu kinakaa wapi. Video na picha ziko kwenye diski, kwa kawaida ndani ya /var/cache/zoneminder/events. Maelezo ya kila tukio, yaani kamera gani, lilianza saa ngapi, lilidumu kwa muda gani, yamo kwenye hifadhidata ya MariaDB iitwayo zm. Hali ya kamera ya sasa hivi iko kwenye kumbukumbu ya pamoja, /dev/shm. Amri zinaongea na hiyo ya tatu. Maswali ya SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, yanaongea na ya pili. Ukichanganya hizi mbili ndipo matatizo huanza.

Tuanze na amri. Tunatumia zmu, chombo cha ZoneMinder cha kuamuru kamera. Orodhesha kamera:

sudo -u www-data zmu -l

Ile www-data usiiache. Kumbukumbu ya pamoja inamilikiwa na mtumiaji huyo, na ukiendesha zmu kwa jina lako utanyimwa ruhusa, halafu utahangaika na waya za kamera bure. Kama umewasha kuingia kwa nywila, ongeza -U na -P. Lakini angalia: nywila inayofuata -P inaonekana kwa yeyote kwenye seva anayeandika ps, na inabaki kwenye historia ya terminali. Mtengenezee kazi hii mtumiaji wake ndani ya ZoneMinder, mwenye ruhusa chache. Usitumie admin.

Sasa lazimisha kamera namba 1 irekodi:

sudo -u www-data zmu -m 1 -a

Ili kuiachia:

sudo -u www-data zmu -m 1 -c

Hiyo -c ndiyo watu husahau. Baada ya -a kamera inaendelea kuwa kwenye tahadhari mpaka uifute. Kibaya zaidi ni -n, inayozuia tahadhari: ukiisahau, mtu anaweza kupita mbele ya lenzi usiku kucha na usipate tukio hata moja. Kwa hiyo kwenye skripti, andika -c kabla hujaandika kitu kingine, kisha rudi ujaze katikati. Na kama -a haileti rekodi, angalia kazi uliyoipangia kamera. Ikiwa ni Monitor, hiyo ni ya kutazama tu. Weka Modect (hurekodi ikiona mwendo), Mocord (hurekodi muda wote na kutambua mwendo) au Nodect (haitambui mwendo, hungoja amri kutoka nje).

Kihisio cha mlango kinahitaji njia nyingine. Washa OPT_TRIGGERS, yaani ruhusa ya kupokea amri kutoka nje, kwenye mipangilio ya ZoneMinder, anzisha ZoneMinder upya, kisha tuma mstari huu:

echo "1|on+20|100|Mlango|Mlango wa nyuma umefunguliwa|" | nc -q 1 localhost 6802

Soma kutoka kushoto: namba ya kamera, washa kwa sekunde 20, alama 100 za uzito wa tukio, sababu, maelezo. Sababu isizidi herufi 32. Alama isiwe sifuri unapowasha. Uzuri wake ni kwamba on+20 inajizima yenyewe, hakuna -c ya kusahau. Ila poti 6802 haiulizi nywila. Yeyote aliye kwenye mtandao wako anaweza kuituma amri hiyo, kwa hiyo izibe kwenye fayawoli, ubakishe seva yenyewe na kifaa chako tu.

Sasa hifadhidata. Usiingie kama zmuser, akaunti ambayo ZoneMinder yenyewe huitumia kwenye hifadhidata, kwa sababu huyo anaweza kufuta. Andika sudo mysql, kisha:

CREATE USER 'msomaji'@'localhost' IDENTIFIED BY 'nywila-yako';
GRANT SELECT ON zm.Events TO 'msomaji'@'localhost';
GRANT SELECT (Id, Name) ON zm.Monitors TO 'msomaji'@'localhost';

Kwa nini safu mbili tu za Monitors? Fungua jedwali hilo utazame safu ya Path. Mara nyingi utakuta rtsp://admin:nywila@192.168.1.64, neno la siri la kamera likiwa wazi kabisa. Ukimpa msomaji jedwali zima umempa funguo za kamera zote.

Sasa toka, ingia kwa mysql -u msomaji -p zm, utafute matukio ya jana kuanzia saa 3 usiku mpaka saa 5:

SELECT E.Id, M.Name, E.StartDateTime, E.Length, E.MaxScore
FROM Events E JOIN Monitors M ON M.Id = E.MonitorId
WHERE E.StartDateTime >= CURDATE() - INTERVAL 3 HOUR
AND E.StartDateTime < CURDATE() - INTERVAL 1 HOUR
ORDER BY E.MaxScore DESC;

CURDATE ni usiku wa manane, saa 6 zetu. Hifadhidata inahesabu 00:00. Toa saa tatu, umefika 21:00 ya jana. Ukiandika 03:00 ukidhani ndiyo saa 3 usiku, utaletewa matukio ya saa 9 alfajiri. Kwenye toleo la 1.34 safu hiyo inaitwa StartTime, kwa hiyo swali likikataa jina la safu, anza na hilo. Na usiifunge safu ndani ya DATE(). Faharasa (index), inayoharakisha utafutaji, huenda isitumike, na jedwali likijaa swali litakokota miguu.

Diski ikijaa, usiandike DELETE FROM Events. Mistari itaondoka, video zitabaki, na diski itabaki imejaa vilevile. Ukifuta kwa rm ndiyo kinyume chake: matukio yanaorodheshwa lakini hayachezi. Tumia kichujio cha PurgeWhenFull, kinachofuta pande zote mbili. Kama uharibifu umeshafanyika, endesha zmaudit.pl, inayolinganisha hifadhidata na diski:

sudo -u www-data zmaudit.pl --report

Hiyo inaripoti tu. Isome yote kabla hujaiendesha bila --report.

Mwisho, badilisha nywila ya zmuser, maana ya kuanzia ni zmpass na inajulikana na kila mtu. Simamisha huduma kwa systemctl stop zoneminder, tumia ALTER USER ndani ya MariaDB, kisha weka ZM_DB_PASS mpya kwenye faili ya /etc/zm/conf.d/ yenye mwisho wa .conf. Ipe umiliki wa root:www-data na ruhusa 640. Ukibadilisha upande mmoja tu, hakuna kamera itakayowaka. Anzisha huduma, rudia zmu -l, uhakikishe kamera zote zimerudi kwenye orodha.